Kabla Hujalipia Tathmini ya Usonji ya Mwanao

Wazazi wengi huniuliza swali moja: nimlipie mwanangu tathmini ya usonji (autism, hali ya makuzi inayogusa mawasiliano na tabia) kwa wataalamu binafsi, au nisubiri zamu yetu hospitali ya umma? Jibu langu huwa refu kuliko wanavyotarajia, ndiyo maana nimeamua kuliandika lote mahali pamoja.

Sisi tulilipia, na hali ikiwa ile ile ningelipia tena. Lakini nisingemlipa yeyote tu, wala nisingelipa ili nipewe karatasi yenye neno usonji. Mzazi anayetoa pesa zake hapa ananunua muda: watu waliosomea kazi hii wakae chini na mtoto, wamwangalie bila haraka, wamsikilize mzazi bila kutazama saa. Pasipo na muda huo hapana tathmini, hata ripoti ikiwa nene na ina mihuri kila ukurasa.

Binti yangu alianza kusema mapema, na hilo ndilo lililotuchanganya sote. Aliweza kukariri tangazo zima la televisheni neno kwa neno, ila akiwa na kiu hakusema "nataka maji". Alikuja, akasimama kando yangu, akasema "Unataka maji?" kwa sauti yangu mwenyewe, na ule mkunjo wa mwisho ninaouweka ninapouliza. Alipanga vifuniko vya chupa kwa rangi kwenye dirisha, na ukisogeza kimoja usiku, asubuhi alikirudisha kabla hata hajafumbua macho vizuri. Watoto wenzake wakicheka, naye alicheka, lakini alichelewa kidogo, macho yakiwa yamemkazia yule aliyecheka wa kwanza.

Bibi yake alikuwa akituambia, "Mwacheni mtoto, hata baba yake alikuwa hivi hivi." Alisema kwa upendo, kutuliza nyumba. Baadaye wataalamu waliiandika kauli hiyo kwenye faili, kwa sababu urithi una nafasi kubwa katika usonji na habari za ukoo ni sehemu ya uchunguzi. Kwa hiyo usimnyamazishe bibi. Muulize zaidi.

Daktari wa watoto alianza na jambo ambalo wengi hulipita: alitutuma kupima masikio. Mtoto asiyegeuka akiitwa jina lake huenda hasikii vizuri, na tatizo la usikivu linaweza kufanana na usonji kwa mtu anayetazama kwa mbali. Kipimo hicho ni cha muda mfupi na kifanyike kabla ya mengine yote. Masikio ya binti yangu yalikuwa salama. Daktari akatuandikia rufaa ya hospitali ya umma, tukapewa nafasi kwenye orodha, na orodha ikawa ndefu kiasi kwamba mhudumu alishusha sauti alipotutajia mwezi.

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta kwa pesa zetu. Na hapa nitasema jambo moja kwa msisitizo: usijitoe kwenye orodha ya umma kwa sababu umepata miadi ya binafsi. Baki nayo. Nitaeleza mbele kwa nini.

Kitu cha kwanza nilichohitaji kukielewa ni kwamba hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha usonji, wala picha ya ubongo. Daktari anaweza kuagiza vipimo vya vinasaba kutafuta hali nyingine zinazoambatana nao, na hiyo ni haki yake, ila majibu ya maabara pekee hayawezi kusema mtoto ana usonji au hana. Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowaona Marekani, alichokuwa nacho ni macho, masikio na maelezo ya wazazi. Zana zimeboreshwa sana tangu wakati huo, lakini msingi ni ule ule: mtu anamtazama mtoto, anamsikiliza mzazi, kisha analinganisha alichokiona na vigezo vinavyokubalika.

Vigezo hivyo mzazi anaweza kuvielewa. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unataka mambo matatu ya mawasiliano na mahusiano yaonekane yote: kupokezana na wengine katika mazungumzo na hisia, mawasiliano yasiyo ya maneno kama macho na ishara, na kujenga au kudumisha urafiki. Halafu angalau mambo mawili kati ya manne: miondoko au maneno ya kujirudia, kung'ang'ania utaratibu, mapenzi makali kwa kitu kimoja, na kupokea sauti, mwanga au mguso kwa namna isiyo ya kawaida. Dalili ziwe zilianza utotoni na ziwe zinagusa maisha ya kila siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unafuata njia inayokaribiana na hiyo. Jina la Asperger lililozoeleka zamani halimo tena kama ugonjwa wa pekee katika miongozo yote miwili.

Kwa nini nakuchosha na vigezo? Kwa sababu ndivyo vitakavyokulinda. Ripoti nzuri inavipita kimoja kimoja na kuweka mfano wa mwanao chini ya kila kimoja. Ukiona ripoti inayosema tu "mtoto ameonyesha dalili za usonji", jua kuna mtu hakufanya kazi yake.

Sasa simu. Nilipiga simu nyingi kabla hatujalipa hata shilingi, na hiyo ndiyo sehemu ya safari hii ninayopenda kila mzazi aifanye kwa utulivu. Kliniki moja iliniambia nitajaza dodoso mtandaoni, kisha nitazungumza na mtaalamu kwa video muda usiofika hata saa moja, na jibu nitapata wiki hiyo hiyo. Nikauliza, je, nani atamwona mtoto? Yule dada wa mapokezi akajibu kwa upole kabisa, "Usijali mama, karibu wote wanaokuja kwetu hupata." Nilimshukuru, nikakata simu. Mtu anayekuhakikishia jibu kabla hajamwona mwanao anakuuzia jibu. Na mtoto aliyepewa jina lisilo lake atapewa pia msaada usio wake.

Madodoso yana kazi yake, nisieleweke vibaya. Lile linaloitwa M-CHAT-R, kwa mfano, lina maswali 20, ni la watoto wa kati ya miezi 16 na 30, na linapatikana bila malipo. Kazi yake ni kuonyesha mtoto gani achunguzwe zaidi. Halikutengenezwa kutoa jibu la mwisho, na mtu anayekutoza pesa nyingi kwa dodoso peke yake anakutoza kwa kitu ambacho ungeweza kukijaza na daktari wako wa watoto.

Maswali yangu ya simu yalikuwa ya kawaida tu. Nani hasa watakuwepo, na wamesomea nini? Timu inayofaa huwa na zaidi ya mtu mmoja: daktari wa watoto au wa magonjwa ya akili ya watoto, mwanasaikolojia, mtaalamu wa lugha na matamshi, wakati mwingine mtaalamu wa tiba kazi, anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku. Watamwona mtoto ana kwa ana kwa muda gani? Watatumia zana zipi? Wengi watakutajia ADOS-2, ambayo ni michezo na mazungumzo yaliyopangwa na huchukua kati ya dakika 40 na saa moja, na ADI-R, ambayo ni mahojiano ya mzazi yenye maswali 93. Ni zana zinazoheshimika, lakini hakuna hata moja inayotosha peke yake; alama za ADOS bila historia ya mtoto ni nusu ya kazi. Watazungumza na mwalimu wake? Watamtathmini kwa lugha anayoitumia nyumbani? Hili la mwisho ni zito kwa familia za lugha mbili au tatu. Mtoto akiulizwa kwa lugha ambayo bado anaitafuta, ukimya wake utaonekana kuwa kitu kingine. Na ukiambiwa kwamba lugha mbili ndizo zilizomletea shida, usikubali, maana kukua na lugha mbili hakusababishi usonji.

Swali nililoliacha la mwisho kila mara lilikuwa hili: mkiona si usonji, mtafanya nini? Katika kliniki tuliyoichagua, mwanasaikolojia mwenyewe ndiye aliyepokea simu, akasema, "Basi tutakueleza tulichokiona, na tutakuonyesha pa kuanzia." Hapo nikajua tumefika. Kuchelewa kwa lugha, wasiwasi uliopita kiasi, upungufu wa umakini, ulemavu wa akili, vyote vinaweza kufanana na usonji, na vinaweza pia kuwa pamoja nao kwa mtoto mmoja. Mtaalamu asiyetafuta hivyo vingine hajamaliza.

Wenye mabinti waongeze swali moja: mmezoea kuwatathmini wasichana? Wavulana hutambuliwa mara kadhaa zaidi ya wasichana, na sehemu ya sababu ni kwamba wasichana wengi hujifunza kuiga. Yule wangu wa kucheka akichelewa angeweza kupita kwenye chumba cha mtu asiyejua anachotafuta, akaandikwa "mpole, mwenye haya".

Baba yake hakuwa na haraka kama mimi. Alisema, "Wakishamwandika, watu wataacha kumwona yeye, wataona ile karatasi." Ni hofu ya mzazi anayempenda mwanawe na sikuipuuza. Nilimkumbusha tu kwamba tayari anaandikwa: mkaidi, mdekaji, ana kiburi, hakufundishwa kusalimia. Tukakubaliana kwamba ripoti ni yetu, na sisi ndio tutakaoamua nani aione.

Siku yenyewe ilifika. Nilibeba kadi ya kliniki ya utotoni, barua ya mwalimu, na video fupi nilizorekodi nyumbani: akila, akicheza peke yake, akicheza na binamu zake, mgeni akiingia mlangoni. Video za siku za kawaida zina thamani kuliko za siku mbaya tu. Sikumfundisha cha kujibu wala kumkemea njiani awe na adabu; mtoto aende kama alivyo, akiwa amelala vizuri na ameshiba.

Mtaalamu wa lugha aliketi sakafuni naye, mwanasaikolojia akakaa pembeni na karatasi. Yule wa sakafuni akapuliza mapovu ya sabuni. Binti yangu aliruka, akapiga makofi, akageuka geuka. Akapuliza tena. Kisha akafunga kichupa, akakiweka gotini, akanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mgumu kuuvumilia. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema, "Mwambie shangazi, tafadhali." Lakini nilikuwa nimeombwa nisisaidie, na nikaelewa kwa nini: ule ukimya ndio uliokuwa swali. Mtoto atafanya nini akitaka kitu na mtu mwingine ndiye anacho? Binti yangu aliushika mkono wa mtaalamu kwa kiganja, akaubeba hadi kwenye kifuniko, akaubonyeza hapo. Hakumtazama usoni hata mara moja. Halafu akasema, "Unataka mapovu?" Kalamu ya pembeni ikaandika kwa muda mrefu.

Mahojiano yangu yalichukua karibu nusu siku. Waliuliza kuhusu ujauzito, usingizi, chakula, hatua za kwanza. Swali lililonikamata ni hili: "Je, aliwahi kukuonyesha kitu kwa kidole, si kwa sababu anakitaka, ila tu ili nawe ukione?" Nilitafuta. Nilipita siku zake zote kichwani, ndege angani, mbwa wa jirani, mwezi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonyesha. Alikuwa ananyosha mkono kwa anachokitaka, naam, lakini kunishirikisha tu, "mama, tazama", sikukumbuka hata siku moja. Nikasema hapana, na machozi yakanitoka pale pale. Mwanasaikolojia hakuharakisha swali la pili. Hili nalo ni sehemu ya muda ninaousema.

Kikao cha majibu mwende wawili kama inawezekana, na mwombe ruhusa ya kurekodi sauti, kwa kuwa baada ya sentensi ya kwanza masikio hufunga. Walituambia ni usonji. Wakatuambia pia kiwango cha msaada anachohitaji kwa sasa, kwa ile ngazi ya 1 hadi 3 ya DSM-5 (3 ndiyo ya msaada mwingi zaidi), wakasisitiza neno "sasa", maana ngazi hiyo inaeleza mahitaji ya leo na inaweza kubadilika. Tukapewa rasimu ya ripoti tusahihishe tarehe na majina kabla haijasainiwa. Dai rasimu. Kosa dogo la umri litakusumbua kila ofisi utakayoipeleka.

Katika kurasa zote, sentensi moja ndiyo iliyobadilisha nyumba yetu: kwamba maneno anayoyarudia yachukuliwe kuwa ni mawasiliano. Alikuwa anaomba siku zote. Alitumia sentensi aliyoisikia ikija pamoja na maji, basi. Mtaalamu wa lugha akatufundisha kumsemea upande wake: ninapomletea kikombe, badala ya kumuuliza, naisema ile sentensi ambayo angepaswa kuisema yeye, "Nataka maji", kisha nampa. Ushauri wa namna hiyo, ambao mzazi anaweza kuuanza jioni ile ile, ndio kipimo changu cha ripoti. Ukimaliza kusoma ya kwako na hujui cha kufanya kesho asubuhi, rudi ukawaulize; umeshalipia.

Kuhusu pesa, omba bei yote kwa maandishi kabla ya kuanza: mahojiano, kumwona mtoto, ripoti, kikao cha majibu, na barua ya shule. Kuna mahali bei inayotangazwa ni ya siku moja tu, na mengine yote hutozwa kando. Uliza pia, shuleni na hospitali ya umma, kama watazikubali ripoti za binafsi na kwa masharti gani. Jibu hilo lipatikane kabla ya malipo. Na tafadhali, msimalize akiba yote kwenye tathmini. Mtoto atahitaji mtaalamu wa lugha, pengine tiba kazi, kwa miezi au miaka. Nimeona familia zikikopa kwa ajili ya ripoti ya kifahari, halafu hakuna kilichobaki cha kufuata mapendekezo yake. Kama pesa zinatosha jambo moja tu, na mtoto hasemi, mimi ningeanza na mtaalamu wa lugha huku nikisubiri orodha. Msaada wa mawasiliano hauhitaji kungoja jina. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa makuzi, ikiwamo usonji, na yapo pia mtandaoni bila malipo.

Jiandae kwa watu watakaokuja baada ya majibu. Watakuja na matone, vyakula vya ajabu, dawa za kutoa metali mwilini, hata klorini dioksidi, ambayo ni kemikali ya kupaushia na mamlaka ya dawa ya Marekani imeshaonya kwamba ni hatari kwa maisha. Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Wengine watakulaumu kwa chanjo: makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu, na jarida la kitabibu la Lancet, lililoichapisha, liliifuta mwaka 2010. Usimpe mtu yeyote mwili wa mwanao aufanyie majaribio kwa sababu umechoka na una huzuni. Nasema hivi nikiwajua wenzangu waliofuatwa na wauzaji hao katika wiki zao ngumu kabisa.

Shuleni hatukupeleka ripoti nzima. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kusoma kurasa zote hizo, na mengi humo ni siri za mtoto. Nilitoa ukurasa mmoja wa mapendekezo, nikakaa naye baada ya vipindi. Alisoma, akanyamaza, akaniuliza, "Kwa hiyo kengele ndiyo inayomfanya azibe masikio? Mimi nilidhani hataki kuingia darasani." Siku hizi humgusa bega na kumwambia dakika moja kabla kengele haijalia, na binti yangu hujiziba masikio mapema, kengele inapita, anaingia na wenzake.

Zamu yetu ya hospitali ya umma bado ipo, na tutakwenda. Huko ndiko kuna huduma za lugha tusizoweza kuzilipia kila wiki kwa miaka, na huko ndiko faili lake litakapokaa akikua. Nimeshawapigia kuuliza kama watarudia tathmini yote mwanzo hadi mwisho. Wameniambia ripoti wataipokea ilimradi imesainiwa na wote waliomwona mtoto, imetaja zana zilizotumika na imeonyesha tarehe alipoonwa. Nimeifungua tena jana usiku kukagua: sahihi zipo zote, zana zimetajwa, na tarehe ni sahihi.